Chemchemi Chini ya Tuta

Ninaikumbuka siku Senge Rasoa alipopanda kilima na kikombe cha maji mkononi, akakiweka mbele ya kaka yangu bila hata kumsalimu. Nakueleza habari hii, mwanangu, kwa sababu nimesikia shamba ulilonunua kule Shinyalu lina bwawa, nawe umefurahi sana. Furahi, ni haki yako. Lakini nisikilize kwanza.

Sisi ni watu wa Kabras. Mama yetu alifariki mimi na kaka yangu Alfayo tukiwa bado wadogo, na aliyetulea ni huyo senge, ndivyo tunavyomwita shangazi, dada ya baba. Alfayo alipokuwa mtu mzima alikizuia kijito kilichopita bondeni mwa shamba lake kwa tuta la udongo, na nyuma yake maji yakajaa. Ng'ombe wakapata pa kunywa, naye akafuga samaki. Alilijenga vizuri, simsingizii. Pembeni aliacha njia ya kupitishia maji yanayozidi. Ila mvua ilipokuwa kubwa, samaki walitorokea huko, basi akaiziba kwa waya wa kuku. Majani makavu ya miwa yakajishikiza kwenye ule waya mpaka maji yakawa hayapiti. Na juu ya tuta alikuwa amekata mikaratusi, visiki na mizizi vikabaki vikioza ndani ya udongo na kuacha mianya. Wazee husema mdharau mwiba mguu huota tende, lakini miaka ile nani alijua kwamba ule ulikuwa mwiba?

Halafu chini ya tuta kukaanza kutoka maji kidogo, safi kabisa. Wanawake wa bondeni wakayaita chemchemi. Hata mimi, nilipokuja kumtembelea kaka kutoka kwa mume wangu, niliyanywa nikasifu ubaridi wake.

Senge ndiye aliyeishi karibu na hiyo chemchemi, peke yake na kuku wake. Ndiye aliyeteka hapo kila asubuhi, na ndiye aliyeona maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Alfayo, angalia hii maji," alisema siku hiyo.

"Ni mvua tu, Senge. Mvua inachafuanga maji."

"Mvua inachafua mto. Hii inatoka ndani ya ukuta yako. Hiyo udongo inatoka wapi, kama si huko ndani? Toa ile waya, maji ipungue."

Alfayo akacheka, si kwa dharau, bali jinsi mtoto anavyomchekea mama yake mwenye hofu. "Nikitoa, samaki wote wataenda. Na Jumamosi ni harusi ya Mildred. Wageni watakula nini? Harusi ikiisha, nitatoa. Hii bwawa ni yangu, Senge, naijua."

"Ni yako ikiwa imesimama," Senge akamjibu. "Ikianguka, ni yetu sisi wa huku chini."

Hakunywa hata chai aliyowekewa. Alichukua kikombe chake akateremka.

Usimhukumu kaka yangu haraka, mwanangu. Mildred alikuwa kifungua mimba wake. Alitaka siku ya mtoto wake ipendeze, na mbele ya jambo kama hilo kila mtu huwa na "ngoja kidogo" yake.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nyumba ya Alfayo ilijaa ndugu. Mchana mvua ilinyesha kama inavyonyeshanga kwetu, kwa kishindo. Nilimwomba Senge akae nasi huko juu, alale huko huko, naye akakubali. Mvua ilipopungua nikamwona amejitanda leso, anatoka.

"Unaenda wapi, Senge?"

"Ingokho, ile kuku ya bibi arusi, iko kwa nyumba. Nilimwekea Mildred. Naendea tu, narudi."

Nilibaki barazani nikichambua mboga. Kisha nikasikia sauti ambayo haikuwa radi. Nilipoinua macho, matope yalikuwa yakiruka chini ya tuta, pale penye chemchemi, na katikati ya tuta pakashuka polepole kama mtu anayepiga magoti. Halafu likapasuka. Alfayo alikuwa tayari anakimbia mteremkoni akiita "Senge! Senge!" kwa sauti ile ile aliyomwitia tulipokuwa watoto. Alipofika nusu ya njia, nyumba ya Senge haikuwepo.

Tulimpata jioni kwenye shamba la jirani, miwa yote imelala upande mmoja. Alfayo alimbeba mwenyewe mpaka juu, hakutaka mtu amsaidie.

Siku ya mazishi alisimama aseme neno kama ilivyo desturi. Alisema, "Nilimwambia angoje," kisha akakaa. Harusi ilifanyika miezi kadhaa baadaye, bila shangwe. Hakuna aliyemshtaki kaka yangu, hakuna aliyemnyooshea kidole, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Aliishi miaka mingi, lakini hakuwahi tena kula samaki, na mvua ya mchana ikianza alitoka nje akasimama hapo hapo, akilowa.

Basi mwanangu, pokea neno langu. Tembea juu ya tuta lako kwa miguu yako, hasa baada ya mvua, na usimtume mtu. Usipande miti juu yake, na mashimo ya fuko usiyapuuze. Njia ya maji yanayozidi iache wazi, hata samaki wote wakienda, samaki huzaliana. Ukiona unyevu chini ya tuta, usiuite chemchemi. Mwite mtu anayejua mabwawa aje autazame. Na yale maji yakibadilika rangi, usingoje harusi wala mavuno. Teremka siku hiyo hiyo, ubishe hodi kila nyumba iliyo chini yako, uwaambie watoke, ndipo urudi kupunguza maji. Watu hao wajue kwa majina, kwa maana roho zao umezishika wewe.

Mungu akujalie mvua ya kiasi na udongo ulioshikana. Akupe sikio la kumsikia anayekuja kwako na hofu yake. Na wote wanaolala chini ya tuta lako, waamke.