Shangazi wa Safu ya Tatu

Kwa miaka mingi Vasanti Ghadge alikuwa shangazi wa harusi. Si harusi za kweli, za sinema. Sisi tunaojaza ukumbi nyuma ya nyota hatuna majina, tuna nafasi tu: mimi nilikuwa jirani mmbea, yeye shangazi anayelia bibi harusi akiondoka kwao. Hakuhitaji dawa ya kutia machoni. Akiambiwa lia, analia, tena kwa ustadi, wanja usichuruzike.

Enzi hizo familia nzima, bibi hadi mjukuu, ilijaza safu moja ya viti katika jumba la sinema la mtaani kwetu Goregaon na kulia pamoja nasi. Siku hizi kila mtu na simu yake kitandani, anatazama bastola, au mume na mke wakitukanana. Haya, watazame, ila wasiniambie hiyo ndiyo familia. Dilawar, wakala anayetutafutia kazi, alimpasulia Vasanti ukweli.

"Shangazi, harusi hazina soko. Utacheza maiti?"

"Maiti analia?"

"Halii."

"Basi mtafute mwingine. Mimi bado ni mzima."

Alicheka, lakini lilimuuma. Lililomuuma zaidi ni kwamba Ketaki, binti yake wa pekee, aliyemlea bila baba, alikuwa na ladha hizo hizo mpya. Ketaki alikuwa afunge ndoa kwa msajili, apite nyumbani kuchukua mizigo, kisha aende zake mji wa Pune na mumewe. Vasanti aliomba kitu kimoja tu: binti asimame mlangoni, arushe mchele nyuma juu ya kichwa chake, mama aupokee kwa ncha ya sari. Ndivyo binti anavyoiaga nyumba iliyomkuza.

"Mama, hiyo sinema," Ketaki alisema. "Utaangua kilio chako cha studio, majirani wakupigie makofi."

"Sitalia."

"Wewe?"

"Nimesema sitalia. Nirushie mchele tu, mwanangu."

Ketaki akakubali shingo upande.

Siku ilipofika, majirani wote wa ghorofa yetu tulijipanga koridoni. Mimi ndiye niliyeshika sahani. Ketaki akachota konzi ya mchele, akautupa nyuma. Wote ukamwagika sakafuni.

Tukageuka kumtafuta Vasanti. Alikuwa nyuma yetu, safu ya tatu, karibu na ndoo za maji, ncha ya sari ikiwa tayari mikononi. Kwenye sinema, pale ndipo shangazi husimama. Mbele ni pa mama wa bibi harusi, na mama huyo siku zote huwa nyota; ukijisogeza pale, kazi huna. Miguu ilimpeleka yenyewe alikozoea.

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Mama, unafanya nini huko?"

"Nimesimama."

"Kwani mama wa bibi harusi ni nani?"

Vasanti akatazama kulia na kushoto, kana kwamba anamtafuta huyo mama. Kisha akaja mbele, akipenya kati yetu na kutuomba radhi mmoja mmoja.

Ketaki akainama, akazoa ule mchele sakafuni, akageuka na kuurusha tena. Safari hii ulitua kwenye sari. Vasanti akavunja ahadi. Alilia vibaya, mdomo wazi, kamasi zikimtoka, wanja umesambaa mashavuni. Kwa kilio kile Dilawar asingempa hata nauli. Ketaki akamfuta uso kwa sari yake mpya, huku naye akilia, na gari la Pune likasubiri.