Mzee wa Pawatila Kaitikia "Poa"

Nimejifungia chooni kwangu hapa Chang'ombe. Nitokeje humu?

Niliona pawatila, kile kitrekta cha kulimia, iliyotumika, inauzwa mtandaoni. Muuzaji akajiita mzee mstaafu. Tukachati tu, nikatuma advansi bila kuiona mashine. Ndiyo, najua!

Leo ndiyo nimempigia mara ya kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Poa."

Halafu akajikoholesha: "Eeh, marahaba."

Jamani, mzee gani anaitikia poa?

Nikauliza mashine iko wapi, akakata. Sasa hapatikani.

Na baba mkwe yuko sebuleni. Katoka kijijini Gulwe kuja kuichukua pawatila niliyomwahidi, na dumu la dizeli kabeba. Nilishamwambia muuzaji ni mzee mstaafu.

Hivi sasa anagonga mlango wa choo:

"Mwanangu, huyo mzee atakuwa kanizidi umri. Ukimpata, nipe simu nimpe shikamoo yake."