Chuma Kilichomrudisha Bibi Garini

Juzi nilipeleka kigari changu kikuukuu gereji, mtaa wa Kashai, maana kila nikikata kona kilikuwa kinalala kama ng'ombe aliyeshiba. Fundi, kijana mwenye mdomo mwepesi, akajiingiza chini ya bampa, akatoka anacheka.

"Dada, hii stabilaiza au kamba ya kuanikia nguo? Nikufungie nene?"

Nikamwambia funga. Nami, rafiki yangu msomaji, siwezi kukaa kwenye benchi la gereji hata nikigongelewa misumari. Nikazunguka lile gari mpaka nadhani nimeacha mtaro pale uwanjani. Katika kuzunguka huko spana ikagonga chuma, ngaa! Basi nikawa mtoto tena, uani kwetu Ijuganyondo, nikinusa moshi wa kuni na grisi kwa pamoja.

Stabilaiza ni fimbo ya chuma iliyopinda. Inapita chini ya gari kutoka tairi la kushoto hadi la kulia, na kazi yake ni kulizuia gari lisiinamie upande mmoja kwenye kona. Leo naieleza kwa madaha kwa sababu ya fizikia niliyoisoma kwenye masomo ya jioni, nikiwa mtu mzima. Wakati ule tulichojua ni kwamba gari la Tata, baba yetu, lilikuwa linainama. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, rangi ya maziwa yaliyoungua, na likikata kona mlango wake ulikuwa unafyeka majani ya pembeni. Tata alitufunza kuegemea kama watu walio kwenye mtumbwi wa kwenda kisiwani Bumbire. Akipaza sauti "Kulia!" wote tunarundikana kulia, Mama akiwemo, mtoto mgongoni.

Siku moja akapakia mikungu ya ndizi upande wa kulia peke yake, eti isawazishe. Kona za kulia tukazipita kama wafalme. Kona ya kwanza ya kushoto tukashuka wote kuokota ndizi kwenye mtaro.

Bibi, mama yake Tata, alikuwa akivumilia hayo yote mpaka Jumapili ile tulipompa lifti mwinjilisti wa usharika wetu. Bibi alikuwa mjane, mzee wa kanisa, mtu wa benchi la mbele. Gari likainama, naye akateleza pamoja na kitabu chake cha nyimbo, akatua mapajani mwa mwinjilisti. Mwinjilisti akasema "Bwana asifiwe," sijui kwa hofu au kwa mazoea. Bibi akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu, kofia ya mtumishi wa Mungu ikiwa bado imekwama kwenye kanga yake. Tangu siku hiyo akaapa hataingia tena kwenye lile gari.

Kisha muuza samaki mmoja akatuletea habari kutoka Muleba kwamba dada yake Bibi hali chakula tena. Kila akiletewa sahani anauliza, mdogo wangu atakuja lini? Basi la abiria lilikuwa linaishia barabara kuu, na kutoka pale kwenda kwake kulikuwa na barabara ndefu ya vumbi. Sote tuliamini miguu ya Bibi haiiwezi.

Hapo ndipo nyumba yetu iliposahau kukaa. Bibi alifunga mzigo wake asubuhi, akaufungua mchana, akaufunga tena jioni. Alizunguka kibanja chote akigusa migomba kama mtu anayeiaga. Maharage yaliungua jikoni, ekitoke, ndizi zetu za kupika, kikaiva mpaka kikawa uji, nasi watoto tulikula tukiwa tumesimama.

"Baba watoto," Mama akasema, "fanya kitu. Huyu mzee ataisha kwa kuzunguka."

Tata akaenda kwa jirani yetu, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, mwenye gereji yake Kashai. Nyuma ya gereji hiyo lilikuwapo gari la mizigo la ukoo ule ule wa gari letu, kuku wakitagia ndani. Jirani akawafukuza kuku, akafungua stabilaiza yake, nene kuliko ile yetu. Kwangu mtoto ilionekana nene kama mgomba.

"Kwenye lami utanishukuru," alimwambia Tata akiifunga uani kwetu. "Kwenye vumbi utanitukana. Hiki kikiwa kinene, tairi moja likiingia shimoni linalivuta na la pili. Mtatupwatupwa humo."

"Nitakwenda polepole," Tata akajibu. Bibi hakuambiwa neno.

Mama ndiye aliyembembeleza. Bibi akaingia garini kama anayeingia kortini, mapajani ameshika ndizi za moto na samaki wa kukausha, vimefungwa kwenye jani la mgomba. Kona ya kwanza, gari limesimama wima. Ya pili, wima. Kufika ya tatu Bibi akaanza kuimba wimbo wa kanisani, sauti ya pili, nasi tukaipokea. Harufu ya jani la moto ilijaa gari zima. Nakuapia, hakuna msafara wa rais uliowahi kwenda vizuri namna ile.

Tukaacha lami, tukaingia vumbi. Korongo la kwanza, gari zima likaruka kushoto. La pili likaturusha kulia. Kichwa cha Bibi kikagonga kioo, wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

"Simamisha."

Tata akasimamisha. Bibi akigeuka sasa, dada yake hatamwona tena, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Tata alichukua spana, akalala chali kwenye vumbi chini ya gari, akaanza kufungua boliti zinazokishikilia kile chuma kwenye matairi. Boliti zikagoma. Mama akashika tochi mchana kweupe. Sisi tulichuchumaa tukitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Tata alipotoka, boliti zimefunguka, uso mwekundu kama udongo wa pale, akatazama huku na huku.

"Mama yangu yuko wapi?"

Bibi hakuwapo. Tata akakimbia kuelekea lami, huko alikoamini amerudi, akiita "Mae! Mae, waitu!" yaani mama, jamani. Ni Mama aliyetazama upande wa pili. Mbali, juu ya kilima, kulikuwa na doa la kanga na mzigo kichwani, likienda. Likienda mbele.

Tulimfikia akitweta. Akaingia bila kuombwa, akapangusa jasho.

"Nilidhani mmelala usingizi humo chini," alisema. "Twendeni, ndizi zinapoa."

Gari lililegea, likawa linayumba taratibu kama mtoto anayebembelezwa, na Bibi akasinzia. Dada yake alikuwa kitandani. Bibi akammegea ndizi kwa vidole, naye akala. Akala na samaki. Akauliza kama kuna pilipili.

Tulikwenda hivyo mara nyingi baada ya hapo. Tukifika mwisho wa lami Tata anaingia chini ya gari, Bibi anatangulia kwa miguu, hawezi kungoja. Kisha dada yake akafariki, na baadaye Bibi, na gari likauzwa kwa mtu wa Ijuganyondo ambaye simwoni tena.

Jumamosi, nikiwa na stabilaiza yangu mpya, nikashika njia ya Muleba. Siku hizi lami imefika mpaka mlangoni. Sikusimama popote. Nilifika upesi kiasi kwamba nilikuwa sijajua nimefuata nini. Nyumba ni ile ile, ina bati jipya. Mama mmoja alitoka, mikono ina unga.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

Nikafungua mdomo. Kwetu dada yake Bibi alikuwa Bibi wa Muleba tu, siku zote. Jina lake sikuwahi kulisikia, na wa kuwauliza, Tata na Mama, hawapo tena.

"Bibi wa Muleba," nikasema.

Yule mama akacheka kwa upole. "Waitu, si hapa ndipo Muleba? Mabibi wote ni wa Muleba."