Mbuzi wa Wajomba wa Mzungu

Shangazi yangu anaishi nje kidogo ya Koboko, upande wa barabara ya kwenda Kongo, na uani kwake kuna kaburi la mzungu. Ni lundo la mawe lenye urefu wa mtu. Hulifagia kila Jumamosi, kabla hajafagia mlangoni kwake mwenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu hajashika jembe hata siku moja, na amekaa hapo muda mrefu kuliko babu yangu.

Habari zake ni fupi. Zamani, kabla hapajaitwa Uganda, msafara ulipita: mzungu mmoja, punda, bunduki na wapagazi wengi. Walilala karibu na kijito. Asubuhi walikuwa wameondoka, na pale walipolala pana kaburi jipya. Wazee walikaa wakalijadili. Kwetu mtu akifia ugenini, wenzake hurudi baadaye na watu wa kwao kuulizia kaburi. Hawa hawakurudi. Wazee wakakata shauri kwamba aliyekufa lazima awe mkubwa wao, mwenye kujua njia, na ndiyo maana waliobaki wamepotea. Hoja hiyo niliiona nzuri mpaka mwaka jana.

Likabaki jambo moja. Kwetu kifo hakiishi mpaka wajomba wa marehemu, yaani watu wa upande wa mama yake, waambiwe kwa mdomo na wapewe mbuzi wao. Basi walipokuja wazungu wengine, wazee wetu waliwapelekea mbuzi. Mbelgiji alimpokea, akamla, akaagiza wengine. Mwingereza alimpokea vilevile, akamwita kodi, na mwaka uliofuata akaja kumdai. Padri alimwombea. Kisha wakubwa wakachora mipaka, nusu ya ukoo ikaamkia Kongo, kipande kingine kikaamkia Sudan, na hakuna aliyekuwa amesikia habari ya msiba.

Mwaka jana shangazi alionekana ana uvimbe tumboni. Daktari wa Arua alisema apasuliwe upesi. Mimi nauza spea za pikipiki hapo Arua, na nyumba yangu haiko mbali na hospitali, kwa hiyo nilimfuata na gari. Akakataa.

"Mimi hapana kwenda," aliniambia. Marehemu mumewe alikuwa askari, na kwa mambo mazito shangazi huacha Kikakwa akasema Kiswahili cha kambini. "Kama mimi nakufa kule kwa kisu, nani atasema kwa mjomba ya huyu mutu? Nyinyi yote iko na simu, hakuna moja iko na kichwa."

Hakujaliwa mtoto, na baada yake hakuna wa kushika ule ufagio. Nilikasirika. Nilimwambia mzungu huyo alikuja bila kualikwa, na kwamba wajomba wenye ndege, kama wangekuwa na haja naye, wangekwisha kufika. Akaendelea kuchambua maharage. Nilirudi Arua na kiti kitupu, na tangu siku hiyo kila simu iliyolia ilinitisha.

Wiki chache baadaye mzee mmoja wa Kizungu aliingia dukani kwangu akitafuta mtu wa kumfasiria. Alikuwa anafuata njia aliyopita msafiri yuleyule, mzungu wa msafara wetu. Alikuwa amestaafu, alisema, na mkewe hapendi ashinde nyumbani. Nilimpakia kwenye gari kabla hajamaliza kujieleza.

Nilikuwa nimetuma habari kwa simu ya jirani, na tulimkuta shangazi amevaa nguo yake ya kanisani, na mbuzi amefungwa kando ya mawe. Alimpa mgeni kiti, yeye akasimama.

"Wewe iko ya upande ya mama yake, ao ya baba?"

Nikafasiri. Mzee alimtazama mbuzi, akashukuru sana, akasema yeye hali nyama.

Nikafasiri tena, safari hii pamoja na maelezo. Mzee aliyatazama mawe, akavua kofia. Kisha akasema kwa upole kwamba msafiri yule hakufia hapa. Alirudi kwao, akapewa nishani, akafa kitandani mwake akiwa mkongwe. Kaburi lake mzee hulipita kila asubuhi akienda kununua mkate.

"Sasa hapa iko nani?"

Mpagazi, labda, alisema mzee. Walikufa wengi njiani. Walichukuliwa kutoka pwani.

"Jina yake?"

Mzee alisema msafiri hakuyaandika majina ya wapagazi. Aliandika ya punda.

Niliifasiri sentensi hiyo kama ilivyo, maana sikuona pa kuipunguzia. Nilikuwa na hasira na sikujua niiweke wapi, kwa sababu mzee mwenyewe alikuwa amejiinamia na macho yake ni mekundu. Na nilikuwa na hofu kuliko hasira. Mzungu angalau alikuwa na kwao. Huyu wajomba zake tungewatafuta wapi, na shangazi angengoja mpaka lini?

Shangazi aliketi chini, karibu na mawe. Nilidhani ameishiwa nguvu.

"Watu ya pwani nasema luga gani?"

"Kiswahili, shangazi."

Akaniangalia. Kiswahili changu nilikianza kambini kwa baba, nikakinyoosha Dar es Salaam nilikokuwa nikinunua spea kwa miaka mingi, na yeye hunicheka kwamba nasema kama niliyemeza redio.

"Basi iko wewe," alisema. "Hii luga huyu naleta kwa kichwa yake, pamoja na mzigo ya mzungu. Mama yake ndiyo nampa. Leo wewe nakula nayo. Wewe iko mutu ya mama yake. Simama."

Nikasimama.

"Mjomba," shangazi akaniambia, mimi aliyenibeba mgongoni utotoni mwangu, "mtoto yenu nakufa hapa. Sisi hapana ua yeye. Sisi nafagia tu. Siku mingi sisi natafuta nyinyi. Kamata mbuzi yenu."

Akanitia kamba mkononi. Mjomba akipewa habari hulia. Asipolia, ni kama hakuambiwa. Nilikusudia kulia kidogo, kwa adabu, ili tuwahi hospitali. Lakini nilipofungua kinywa nikamwona mtu huyo, amebeba beseni la kuogea la mtu mwingine kutoka baharini hadi Koboko, anakata roho karibu na watu ambao wangempa maji kama wangejua yupo. Nililia mpaka majirani wakaja mbio kuuliza nani amekufa.

"Mtoto ya dada yake," shangazi aliwajibu.

Kisha akaingia ndani, akatoka na beseni na shuka za kulalia hospitali. Kumbe alikuwa amezifunga tangu siku ile ya kwanza nilipomfuata. Garini, mzee wa Kizungu alikaa nyuma na mbuzi.