Programu Inayotembewa Peku

Mtunza programu wa bohari yetu ya dawa hasomi programu akiwa ameketi. Huzitandaza kurasa zake sakafuni, kutoka mlangoni hadi dirishani, kisha huzitembea peku. Amri ikimwambia aruke, huruka kweli, mama mzima mwenye wajukuu, sketi ameikusanya mkononi. Ikimtuma kwenye kazi ndogo ambayo sharti arudi, huacha kiatu kimoja pale atakaporejea. Asubuhi ile malori matatu yalikuwa yakingoja lebo, na mashine ilichapa jina la zahanati moja tu, bila kukoma.

“Nivulie chako, binti, vyangu vimekwisha,” aliniambia, nami nikavua kiatu kimoja. Akaruka, akageuka, akaruka tena, mara akajikuta ukurasa wa kwanza. Alicheka hadi akashika ukuta. “Umeona? Tumerushwa mwanzo, na viatu vitatu bado vinatungoja kule.” Akaenda kwenye mashine, akafuta mstari mmoja, ule uliokuwa ukiturusha. Mashine ikachapa zahanati ya pili, kisha ya tatu.

Dereva akachungulia. “Mama, tuwashe malori?”

“Kwani mnasubiri nini?” akamjibu kutoka hewani, kwani alikuwa amerudi kwenye kurasa zake, bado anaruka.