Nani Alikuwa Ananifungia Maji ya Mawaridi?

Siku tatu mfululizo bomba la jikoni linatoa maji, la bafuni linatoa, la bustanini hata tone.

Na bustanini ndiko alikobaki mke wangu.

Sisemi kaburi. Nasema mashina sita ya mawaridi aliyoyapanda kwa mkono wake, chini ya dirisha la chumba chetu.

Tangu afariki, majani yakawa ya njano, yakapukutika. Mashina matano yakafa. Likabaki moja.

Mimi fundi viatu. Shule niliiachia njiani, lakini hujuma naijua. Hospitali walimwambia mke wangu arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikamkuta kaburini. Sasa ofisi ya maji nao wananimalizia mawaridi!

Wakubwa ndivyo walivyo. Wakikuona huna mtu, wanakukanyaga.

Nikaenda ofisini kwao, nikapiga meza.

"Mzee, yaani bustanini tu ndiko hayatoki?" binti wa mapokezi akaniuliza, kicheko amekibana.

"Kwani nyinyi hamjui mnapobana?"

Wakanipa fundi bomba, nadhani ili niwaondokee. Akazunguka nyuma ya nyumba, akachutama, akafukua udongo.

"Mzee, hii koki imefungwa kwa mkono. Tena juzijuzi."

"Kafunga nani?"

"Mimi."

Nikageuka. Shemeji yangu, dada wa marehemu. Tunapakana ua. Beseni la nguo kiunoni, wala hana wasiwasi.

Nikawaka. "Wewe! Damu yake mwenyewe, unamuulia dada yako maua?"

"Unayaua wewe, shemeji. Unamwagilia mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Jua likiwa kali, na mchana."

Fundi akaguna. "Mzee, umepanda mawaridi au mpunga?"

Shemeji hakucheka. Akang'oa shina moja lililokufa, akanisogezea puani. Mzizi mweusi, umeoza, unanuka tope.

"Dada alikuwa anayapa maji mara mbili kwa wiki. Nilikwambia, ukanijibu nisikutawale. Ndio nikafunga."

Ningesema nini mbele ya mtu wa ofisi ya maji?

Kwamba nikishika ule mpira wa kumwagilia ndipo naongea na mke wangu? Namwambia viatu vilivyoletwa, nani kanipita bila salamu. Maji yakikatika, nisimame pale kama nani?

Macho yalisema yenyewe.

Shemeji akatua beseni. "Jioni njoo ukae kwetu. Mwache dada apumzike."

Nikaenda. Hatukuongea la maana. Yeye anakunja nguo, mimi natazama mikono yake. Lakini palikuwa na mtu.

Lile shina moja lililobaki limetoa machipukizi mawili. Koki anafungua shemeji, mara mbili kwa wiki, na mimi siigusi.

Hospitali sijawasamehe, msinidanganye na maneno matamu.

Ila wewe uliyefiwa, nisikilize. Upweke wako usiumwagie kitu kimoja tu, hata kama ndicho unachokipenda kuliko vyote.

Utakiozesha huku unajiona unakitunza.