Jicho la Trela Lililomkimbiza Kanchoro

Katika mtaa wote wa Bulla Pesa hakukuwa na mtu aliyechomelea na kushona chuma kama Kanchoro. Milango ya maduka, vitanda, matangi ya maji, vyote vilipita mikononi mwake, na hakuna kilichowahi kurudi kikiwa kimeachia. Kwa hiyo mwaka wa 1984, mwaka ule wa njaa, dereva Lotukoi alipofika asubuhi na lori la mahindi ya msaada na trela nyuma yake, hakuulizia fundi mwingine.

"Jicho limepata ufa," alisema, akionyesha ile pete nene iliyo mbele ya mkono wa trela, inayoingia kwenye ndoano ya lori. "Nishonee haraka, fundi. Watu wa Laisamis wananingoja."

Kanchoro alisugua, akawasha mashine, akashona. Mshono ulitoka safi, ukampendeza mwenyewe. Lotukoi akaondoka, abiria kadhaa wakiwa wamejikalia juu ya magunia ya trela.

Haikupita nusu saa, mzee Golicha, aliyezeekea kwenye gereji za malori, akapita kuomba maji ya kunywa.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mzee. Karibu."

Kanchoro akamsimulia kazi ya asubuhi, kwa majivuno kidogo. Mzee akaweka kikombe chini.

"Umetumia rodi gani za kushonea?"

"Hizi hizi za milango."

"Chuma ulikipasha moto kwanza?"

"Hapana."

"Abo! Kile si chuma cha milango, mwanangu. Ukikichoma hivyo, pembeni ya mshono kinakuwa kama chupa. Hakipindi kwanza kikakuonya. Kinakatika tu. Na mzigo wa tani kumi ukiachana na lori mteremkoni, nani ataushika?"

Kanchoro aliwaona akilini wale abiria juu ya magunia, mmoja mmoja.

"Chukua mafuta ya taa na chaki," mzee akamwambia. "Paka mafuta, pangusa pakauke, halafu paka chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka yenyewe yakuonyeshe. Kimbia!"

Alivibeba, akakimbia na aproni yake mwilini hadi mahali magari ya miraa yalipopakiwa. Rimberia, dereva Mmeru aliyejulikana kwa mwendo, alikuwa anafunga turubai la Land Rover yake aende Marsabit, njia ile ile ya Laisamis. Aliposikia habari, hakuuliza mara mbili.

Njia nzima Kanchoro alisoma dua, na kila kona alitarajia kuona magunia yamemwagika na watu wamelala kando ya barabara. Vumbi lilipotanda mbele, alifumba macho.

"Fumbua," Rimberia alimwambia. "Ni ng'ombe tu hao."

Walilikuta lori kijijini Ngaremara. Lotukoi alikuwa amesimama kununua makaa, na mbele yake barabara iliteremka kuelekea kwenye laga, mto mkavu wa mchanga. Kanchoro aliruka kabla Land Rover haijatulia.

"Bwana, shusha watu! Kazi yangu ni mbaya!"

"Umeifanya mwenyewe, sasa unaikataa?" Lotukoi alishangaa.

Kanchoro alipaka mafuta, akapangusa, akapaka chaki. Wote wakainama. Kwanza palikuwa peupe tu. Halafu, sentimita moja kutoka kwenye mshono, mstari mwembamba wa unyevu ukaanza kujichora, ukatambaa hadi nusu ya pete.

Lotukoi alivua kofia. Juu ya trela mwanamke mmoja, Nakal, mwenye mtoto mgongoni, akauliza, "Kwani tulikuwa tumekalia nini?" Walio chini walimpokea mtoto, kisha yeye, kisha wengine, hadi wa mwisho akakanyaga chini.

Hapo Kanchoro akakaa kwenye vumbi, akacheka huku machozi yakimtoka. Lotukoi akakaa kando yake.

"Nilitaka kukutukana, fundi. Lakini naona matusi yote yameniishia."

"Nitukane tu, bwana. Leo nitayapokea yote."

Trela iliachwa pale, mawe yakiwa chini ya magurudumu, na lori likaenda na mzigo wake lenyewe. Siku ya tatu lori lilirudi, na jicho jipya likaletwa kutoka Nanyuki. Kanchoro alilifunga kwa bolti, akaongeza minyororo miwili iliyopishana chini ya mkono wa trela hadi kwenye lori, ili hata jicho likikatika mkono usipige barabara. Mahindi yaliyobaki yakafika Laisamis, yamechelewa lakini yamefika.

Kuanzia hapo, dereva akileta jicho la trela lenye ufa, Kanchoro alimwambia atafute jipya. Wengine walisema fundi ameingiwa na woga, wakaenda kwa mafundi wengine. Yeye aliwaeleza habari ya chuma kinachokuwa kama chupa, akiwasindikiza hadi barabarani, na aliyekubali kusikiliza alimfungia minyororo siku hiyo hiyo.